Injini Haijachoka

Kaka yangu ni fundi wa injini za boti, na gatini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bado. Jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimuuliza, "Fundi, tayari?" anakujibu "Bado" hata swali hujalimaliza, hata kama injini inanguruma mbele yenu na abiria wameshakaa. Wifi yangu anaapa kwamba siku ya harusi yao, kaka alipogongewa mlango aambiwe watu wanamsubiri, alijibu hivyo hivyo. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni, lakini naamini.

Karakana yake ni kontena kuukuu lililokatwa dirisha upande wa maji. Ndani kuna meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, kopo la mafuta ya taa la kunawia mikono, na spana zilizotundikwa kwenye misumari, kila moja imechorewa umbo lake kwa chaki ili ikikosekana ajue. Mtu wa utaratibu. Siku hizi mgongo unamsumbua, na kusimama kwake kuna hatua tatu: mkono kwenye goti, mkono kwenye meza, halafu "ah" moja ndefu. Miaka thelathini na moja ameinamia matumbo ya boti za watu. Amechoka, wala hasemi. Anachosema ni kwamba vitu vingine ndivyo vimechoka: pampu imechoka, beringi imechoka, mkanda umechoka. Mafundi wote husema hivyo, ni lugha yao, ila yeye analitamka neno hilo kwa huruma, utadhani anatoa habari za mgonjwa wa nyumbani kwake.

Mimi ni konda wa boti. Nakata tiketi, napanga mizigo, nawakalisha watu wasielemee upande mmoja, na nagombana na wenye magunia. Tunavuka maji mara tatu kwa siku, dakika arobaini na tano kwenda na arobaini na tano kurudi. Nahodha ni mume wangu. Kwa hiyo boti ile ile moja inaendeshwa na mume wangu, inatengenezwa na kaka yangu, na lawama zote za abiria zinaishia kwangu. Mwenye boti ni mama mmoja mwembamba, mwalimu mstaafu, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Hadi leo anatembea na kalamu nyekundu mkobani. Ukimpelekea taarifa ya safari anakusahihisha maandishi kwanza, ndipo anasoma ulichoandika.

Matatizo yalianza wiki moja baada ya boti kurudi majini. Tulikuwa tumeipandisha nchi kavu siku nne ioshwe na kupakwa rangi, na Bado akatumia nafasi hiyo kubadilisha mipira na vifuniko vilivyozeeka. Ilirudi inang'aa, bluu tupu, hadi abiria wakawa wanavua viatu kabla ya kupanda. Basi asubuhi moja, safari ya kwanza, tumefika katikati ya maji, injini ikaanza kupungua nguvu. Haikukohoa wala haikupiga kelele. Ilipungua taratibu, kama mtu anayekusimulia jambo huku usingizi unamchukua. Boti ikawa inajikokota. Abiria wakageuka wote kunitazama mimi, kana kwamba injini nimeikalia. Mume wangu akaongeza mafuta, wapi! Ikazima. Tukaelea robo saa, akapiga stata, ikawaka kwa mara moja na kutufikisha salama kabisa.

Wiki ile ilitokea mara mbili. Iliyofuata, mara tatu. Na karibu kila mara ilikuwa safari ya asubuhi.

Kaka yangu simsingizii, alifanya kazi. Alibadilisha chujio la dizeli, akatoa hewa kwenye mabomba, akafungua nozeli moja moja na kuzisafisha. Alipiga mbizi mwenyewe, na mgongo wake ule, kuangalia kama propela imenasa majani au kamba. Alipima waya wa kuongezea mafuta kama unavuta hadi mwisho. Baada ya kila kazi aliifunga boti gatini kwa kamba mbili nene, akaitia gia, akaikandamiza mafuta hadi mwisho, maji yakachemka nyuma na gati zima likatetemeka. Dakika kumi. Injini ikanguruma bila kutetereka. Anaizima, anafuta mikono, anasema: "Nzima hii."

"Shemeji, injini yako inasinzia," mume wangu alimwambia mara ya kwanza, akicheka.

"Injini hailali, shemeji. Mchunguze aliyeishika."

Walicheka wote wawili. Mashemeji hao wametaniana miaka ishirini na mbili. Wamewahi kuitana mzigo, kenge na marehemu mtarajiwa, na hakuna aliyenuna. Lakini wiki ya tatu utani uliisha, na ulipoisha ndipo nilipoogopa. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Tembo wangu mimi hawakupigana, walinyamaziana tu, na nyasi ziliumia vile vile.

Hapo kuna jambo lazima niliseme, na sijivunii. Jioni moja ya wiki hiyo ya tatu Bado alipita kwetu kuchukua sufuria la wifi yangu. Mume wangu alikuwa amejilaza chumbani, pazia tu la mlangoni kati yetu. Kaka akaniuliza hali ya shemeji yake. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Sijui, kaka. Mume wangu amechoka siku hizi. Juzi kaweka chumvi kwenye chai. Anamwita binti yetu kwa jina la shangazi yake. Labda hata huko kwenye usukani anapitiwa."

Nilisema kama mke mwenye wasiwasi. Nilitaka kupozwa roho, basi. Kaka yangu alitikisa kichwa, akachukua sufuria, akaondoka. Siku mbili baadaye Mwalimu akaja karakana akamuuliza swali moja, kwa sauti yake ya darasani: "Nijibu sawasawa. Kasoro ni injini au nahodha?"

Naye akajibu, "Injini haijachoka, Mwalimu. Aliyechoka ni nahodha."

Ulimi hauna mfupa. Wangu ulianza, wa kaka ukamalizia.

Barua ilikuja Jumatatu ya wiki ya sita, imeandikwa vizuri, koma zote mahali pake. Nahodha atamaliza kazi Ijumaa baada ya safari ya mwisho. Nahodha mpya angeanza Jumatatu inayofuata. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nikamsubiri atukane. Hakutukana. Alisema, "Labda ni vizuri. Isije siku nikaua watu." Halafu akaniuliza kama maji ya kuoga yapo.

Siku tatu nilibeba jiwe kifuani. Ningeweza kumwambia mume wangu kwamba neno lile lilitoka kwangu, sikuthubutu. Ningeweza kumlaumu kaka, nikimlaumu najilaumu. Alhamisi nikaona bora nimlaumu hivyo hivyo, kwani kulaumu hakuhitaji haki. Nikaenda karakana baada ya safari ya mwisho.

Alikuwa anachemsha chai kwenye jiko dogo la mafuta. Hakunikaribisha. Alijua.

"Kaka, umemfukuzisha mume wangu kazi."

"Nimeulizwa injini. Injini nzima."

"Umeijaribu wapi?"

"Hapo gatini. Umeniona."

"Dakika kumi! Imefungwa kamba kama mbuzi! Mimi nakwambia inakufa katikati ya maji, dakika ya ishirini na tano, asubuhi. Umewahi kuwa ndani ya boti dakika ya ishirini na tano?"

Alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Jibu nalijua mimi na yeye, na marehemu baba. Kaka yangu, fundi wa boti wa miaka thelathini na moja, anatapika majini. Tangu utoto. Boti ikiwa imetulia gatini hana neno, anapiga mbizi, anafanya kazi siku nzima. Ikianza safari tu, tumbo linamgeuka. Amelificha jambo hili maisha yake yote kwa visingizio: leo kuna kazi nyingine, leo mgongo, injini naisikia hapa hapa. Fundi wa boti asiyeweza kupanda boti! Wenzake wangemcheka hadi kaburini. Nami nilikuwa nimemtunzia siri hiyo kwa uaminifu kuliko nilivyomtunzia mume wangu ya kwake.

"Kesho ndizo safari zake za mwisho," nikasema. "Panda ya asubuhi. Sikuombi kitu kingine tena."

"Nimechoka, mdogo wangu," alisema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno hilo kwa ajili yake mwenyewe.

"Wote tumechoka, kaka. Panda ukiwa umechoka hivyo hivyo."

Asubuhi alikuja. Amevaa ovaroli safi, mfuko wa spana begani, uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mume wangu alikuwa ameshajaza tangi hadi shingoni, kama kila asubuhi. Wakasalimiana.

"Shemeji."

"Shemeji."

Basi. Na Mwalimu naye akapanda, na mwavuli wake. Alisema anakwenda ng'ambo kwa shughuli zake, lakini alikaa benchi la mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa nahodha, akiwa amemkazia macho shingoni. Abiria walikuwa kama thelathini. Nikakata tiketi, nikafungua kamba, nikamwekea kaka yangu ndoo kando ya sanduku la injini. Nilisema kwa sauti ni ya kumwagia maji machafu.

Alitapika hata hatujaliacha boya la kwanza.

Mama mmoja mwenye kapu la nguo akamsogezea limau. "Pole baba. Ni mgeni wa maji?"

"Ndiyo, mama," akajibu fundi wa miaka thelathini na moja, akafuta mdomo kwa kiwiko. Mume wangu aligeuka akamtazama, akaiangalia ndoo, akanitazama mimi. Miaka ishirini na mbili ya utani, na silaha kubwa namna hiyo alikuwa hajawahi kuonyeshwa. Siku nyingine angeimaliza hapo hapo. Leo alirudisha macho mbele.

Dakika ishirini zikapita. Bado alikuwa amefungua sanduku la injini, mkono mmoja juu ya bomba la dizeli, mwingine umekumbatia ndoo. Rangi ya uso wake sina haja ya kuieleza. Nikaanza kuogopa kwamba leo, kwa ukaidi wake, injini itakwenda hadi mwisho. Nasema kweli, niliomba iharibike. Konda mzima, na abiria thelathini, naomba boti izime.

Ikaanza kupungua.

Mwalimu alinyoosha shingo kutazama mikono ya nahodha. Nami nikatazama. Ilikuwa kwenye usukani yote miwili, na mkono wa mafuta ulikuwa umesukumwa hadi mwisho.

"Sijaupunguza," mume wangu alisema, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.

"Naona," Mwalimu alisema.

"Konda!" kaka yangu aliita. Kazini huniita konda. "Nenda nyuma. Moshi wa rangi gani?"

Nikaruka magunia hadi nyuma. "Hakuna moshi."

"Hata mweusi?"

"Hakuna!"

"Basi haijaelemewa. Ingeelemewa ingetoa moshi mweusi. Hii ina njaa, dizeli haiifikii." Akainamia bakuli la kioo la chujio, akatapika kidogo pembeni, akarudi. "Dizeli inashuka, haipandi. Shemeji, tangi lina mafuta?"

"Nimelijaza mwenyewe. Pomoni."

"Limejaa na halitoi." Mdundo wa injini ulikuwa unahesabika sasa. Nilimwona anafikiri, na nikamwona anafika mahali katika mawazo yake ambapo hakupenda kufika. "Wasimamishe hao wa benchi la kati. Fungua kifuniko cha tangi. Haraka, haijazima."

Nikawasimamisha, nikainua ubao, nikashika kifuniko. Kilikuwa kimeganda. Nikatumia mikono miwili na jina la mama yangu, kikageuka, kikavuta hewa kwa mluzi mrefu, fyuuu, halafu ubavu wa tangi ukaruka kwa kishindo na mama wa kapu akaruka nao. Na injini ikapanda. Hapo hapo, bila kuguswa, ikashika sauti yake, maji nyuma yakachemka, boti ikasogea mbele kwa nguvu hadi nikakaa chini bila kutaka. Abiria wakapiga makofi. Abiria hupigia makofi chochote.

"Tangi lilikuwa halipumui," Bado alisema. Alikuwa amefumba macho. Mwalimu akamtaka aeleze vizuri, akaeleza kwa kifupi, katikati ya vichefuchefu. Dizeli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Chukua chupa ya maji, ibane mdomoni, unyonye bila kuachia. Itafika mahali maji yatagoma hata uvute vipi. Asubuhi tangi limejaa, hewa ndani haipo, kwa hiyo linagoma mapema. Ukiliacha robo saa linaiba hewa kidogo kidogo kwenye kifuniko, injini inawaka tena. Jioni limepungua, lina nafasi, linavumilia.

"Na gatini?" Mwalimu akauliza.

"Gatini nilikuwa naijaribu dakika kumi."

Kila tangi lina kibomba chembamba cha kupumulia, kinatokea nje ubavuni mwa boti, kimeinama chini kisiingize maji. Mume wangu akapunguza mwendo, kaka akalala kifudifudi juu ya ukingo, nami nikamshika mkanda wa ovaroli asije akatuacha. Alipapasa ubavu, akapata uvimbe chini ya rangi mpya. Akakwangua kwa bisibisi. Rangi ikabanduka, na chini yake hapakuwa na tundu, palikuwa na kitambaa kilichosokomezwa. Akakivuta.

Kilikuwa cha manjano, chenye maua meupe. Nilikijua hata hakijatoka chote. Ni pazia langu la zamani la sebuleni. Nililikata vipande mwenyewe, nikampa kaka yangu gunia zima la matambara ya kufutia spana. Boti ilipokuwa nchi kavu waliiosha kwa pampu ya maji yenye nguvu, na fundi mwangalifu huziba kibomba hicho ili maji yasiingie kwenye dizeli. Fundi mwangalifu kisha hukizibua. Fundi aliyechoka hupaka rangi juu yake.

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa chini ya ukingo, mbali na macho ya watu. Angekiachia kingekwenda na maji.

"Ni nini hicho?" Mwalimu alikuwa ameshasimama.

"Tambara," kaka akasema.

"Limefikaje humo?"

Injini ilikuwa inanguruma polepole. Ndipo mume wangu akaacha usukani, akaja, akalichukua tambara mkononi mwa shemeji yake na kuligeuza geuza. Pazia lile lilining'inia nyumbani kwake miaka tisa.

"Mwalimu," alisema, "boti naiosha mimi kila Jumamosi. Na hiki ni kitambaa cha kwangu nyumbani. Inawezekana ni mimi, nimesahau. Siku hizi nasahau."

Hakuwa anamficha mtu. Hakujua. Alikuwa anasadiki kabisa kwamba huenda aliziba tangi kwa mikono yake na kichwa chake hakikumbuki. Nilimtazama mume wangu, mtu aliyetuvusha kwenye tufani mbili bila kiatu cha abiria kulowa, anatafuta kosa lake kwenye kitambaa, na roho iliniuma kuliko ilivyowahi kuniuma.

"Shemeji, bado hujafika huko," kaka yangu alisema. Akashika ukingo, akashika bega la mama wa kapu, akasimama, "ah". "Ni mimi, Mwalimu. Niliziba siku ya kuosha, nikapaka rangi juu. Nikasahau. Wiki sita nimetafuta kosa kila mahali isipokuwa kwangu."

"Wiki sita uliniambia injini ni nzima."

"Injini ni nzima."

Mtu mmoja nyuma akacheka, Mwalimu akamgeukia, akaacha kucheka.

"Na uliniambia nahodha amechoka. Uliyapata wapi?"

Hapo nilishika ubao wa benchi. Kaka yangu hakunitazama hata kidogo, hata kwa pembe ya jicho.

"Niliyasema mwenyewe. Aliyechoka ni mimi. Nilikuwa sitaki kupanda boti, basi nikaona rahisi awe yeye." Kisha akaiendea ndoo, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Mwalimu akanyoosha mkono kwa mume wangu. "Barua." Akapewa, imekunjwa mara nne. Akatoa kalamu nyekundu, akaichora mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, akaandika tarehe. Halafu akaigeuza nyuma akaandika sentensi nyingine, akaisoma kwa sauti ili darasa zima lisikie: kuanzia leo, kila baada ya matengenezo, fundi atapanda boti safari nzima, kwenda na kurudi. Bado alisikia akiwa kichwa ndani ya ndoo. Aliinua kidole kuonyesha kwamba ameelewa.

Tulifika ng'ambo tumechelewa dakika kumi tu. Abiria wakashuka, Mwalimu akashuka na mwavuli wake, kaka yangu akashuka akakaa chini juu ya gati, kwenye saruji, akiishika kwa viganja viwili ili aamini haitikisiki. Mume wangu alibaki anafunga kamba ya nyuma. Nikamfuata. Kwenye boti palikuwa na sisi wawili tu, na abiria wa kurudi walikuwa wanaanza kujipanga getini.

Kaka alinifunika, na angenifunika hadi mwisho wa maisha yetu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilishaona kunyamaza kunavyomfanya mtu.

"Mume wangu," nikasema. "Lile neno, kwamba umechoka. Kaka hakulitoa kichwani mwake. Mimi ndiye niliyemwambia."

Alimaliza fundo. Akalivuta kulijaribu.

"Najua," alisema. "Siku ile alipokuja kuchukua sufuria. Sikuwa nimelala."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mwalimu akisema, nambishia. Kaka yako akisema, nambishia na kumtukana juu. Lakini ulisema wewe, ambaye unalala na mimi na kuamka na mimi. Nikajua basi ni kweli." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikishika usukani najifinya paja nisije nikasinzia. Wiki tatu. Paja lote limevilia damu. Na nikwambie, mke wangu, pale usukanini usingizi haukunijia hata siku moja."

Nikamwambia anisamehe. Sikuwa na neno lingine, nikalirudia mara mbili, tatu. Getini watu walikuwa wanagonga wakitaka kufunguliwa.

"Haya," alisema. "Nenda kawafungulie."

Alikaa juu ya kamba, akainamisha kichwa. Sasa alikuwa amechoka kweli, na aliyemchosha ni mimi.